PCB, CBG au chuo cha afya?

Swali: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne nikiwa na C za Biolojia na Kemia, lakini Fizikia nimepata D, na mwalimu anayenifundisha masomo ya ziada kila Jumamosi ananishauri nichague tahasusi ya kidato cha tano ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) badala ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Je, utabibu ndiyo basi tena?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. La hasha! Stashahada ya utabibu, ya miaka 3, hupokea hata wenye D katika masomo hayo, ingawa ushindani ni mkali.

Jibu: Mimi ni tabibu. Kabla ya kuchagua, mlezi wangu alinipeleka zahanati, nikamshikia taa muuguzi aliyekuwa akisafisha kidonda cha mtoto anayelia, sikutamani kuondoka. Mwombe mwalimu wako akutafutie nafasi kama hiyo.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Nitamwomba Jumamosi hii.