The Haunting ya 1963: itatishaje bila mzimu kuonekana?

Mwambao_Sinema: Wadau, salaam. Nataka kuonyesha filamu ya The Haunting, ile aliyoiongoza Robert Wise mwaka 1963, kwenye ukumbi wa watu thelathini. Ni nyeusi na nyeupe, dakika 112, na mzimu hauonekani hata mara moja. Watazamaji wangu ni vijana waliozoea kushtuliwa kila baada ya dakika chache. Itawatisha kweli? Na sauti niiandaeje?

FundiSpika: Itawatisha, ila funga mlango kabla haijaanza. Mkasa wa nyumba husimuliwa mwanzoni kabisa: Abigail, binti wa mwenye nyumba, anazeekea katika chumba chake cha utotoni na kufa akigonga ukuta kwa fimbo, anamwita mtumishi wake asije. Baadaye tunajua Eleanor, mhusika mkuu, naye hakuitikia mama yake mgonjwa alipogonga ukuta. Kwa hiyo usiku ule vishindo vinapoanza kwenye korido, Eleanor, bado ana usingizi, anaitika akidhani ni mama yake. Hapo ndipo mwili unasisimka! Aliyechelewa kuingia atasikia kelele tu.

Sauti yake ni mono, yaani ya mkondo mmoja tu. Weka spika mbili ubavuni mwa skrini, usiweke nyuma ya watu, kwa sababu kishindo kinatakiwa kitoke nyuma ya mlango ule wanaoutazama. Pima kwa mazungumzo ya kawaida: yakisikika vizuri viti vya nyuma, usiguse tena. Zima mpangilio wa sauti wa usiku; huo hupandisha minong'ono na kushusha vishindo, vyote vikawa sawa, hofu ikaisha. Feni nazo zima kama joto linavumilika, maana ukimya kati ya kishindo na kishindo ndio unaoumiza.

Lenzi30: Naongezea upande wa picha. Wise alitumia lenzi pana ya kampuni ya Panavision ya milimita 30 iliyokuwa bado kwenye majaribio, na ilimbidi akubali kwa maandishi kwamba ina kasoro. Kasoro ndiyo aliyoitaka: kuta zinapinda kidogo. Ukiivuta picha ijaze skrini, watu watadhani projekta ni mbovu, kwa hiyo iache na mistari yake myeusi juu na chini. Zima pia ule mpangilio wa projekta unaolainisha mwendo wa picha.

Mwangaza upime kwa picha za nyumba kwa nje (ni Ettington Park, Uingereza, zilipigwa kwa filamu ya infraredi, inayonasa mwanga usioonekana kwa macho). Anga liwe jeusi, lakini mawe ya ukuta yaonekane.

Mama_Riwaya: Mimi naona hatari iko kwako mwandaaji. Usiwaambie mapema kwamba mzimu hauonekani. Mtu akijua, ataacha kuutafuta gizani, na kutafuta huko ndiko kunakomchosha moyo. Ile iliyorudiwa 1999 na Jan de Bont ilitumia kompyuta kuonyesha kila kitu, na hofu ikapungua, kwa sababu ukishakiona kitu unajua ukubwa wake.

Mwambao_Sinema: Asanteni sana. Na ule mlango unaovimba sebuleni, waliufanyaje?

Lenzi30: Mbao za tabaka zilizounganishwa, mkuu, na mtu mwenye nguvu akizisukuma kwa nyuma. Vishindo vilirekodiwa kabla na kupigwa pale pale wakati wa kupiga picha, waigizaji wakavisikia. Onyo moja: usipunguze sauti hapo hata mtu akipiga kelele.