Forester ya sasa bado ni Subaru?

Usa_River aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Nina Forester SG5 ya 2004, turbo, gia za mkono. Kazi yangu ni kuzungukia wakulima wa kahawa Kibosho, Uru na Old Moshi, na anayezijua njia za huko wakati wa masika anaujua ule udongo mwekundu ukishalowa. Ukiingia kona ya utelezi ukiwa gia ya pili, mbele kukianza kupotea unasikia nyuma inasukuma kabla hujafikiri la kufanya. Difu ya katikati inagawa nguvu nusu kwa nusu mbele na nyuma muda wote, haisubiri kompyuta iamue. Ndiyo maana naipenda gari hii, na nasema hivyo bila aibu.

Sasa imezeeka. Turbo imeanza kutoa moshi wa bluu asubuhi, kutu imeingia kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na nyumbani wameshaniambia niuze. Jamaa yangu wa Arusha akaniazima SK yake, Forester mpya zaidi, ile e-Boxer ya petroli na umeme, nikaenda nayo Karatu. Ni gari nzuri kweli. Viti havichoshi, breki zinashika, na kwenye lami ya Makuyuni unaongea na abiria wa nyuma bila kupaza sauti. Lakini tulipoanza kupanda ukingo kutoka Mto wa Mbu, nikakanyaga: injini ikapanda mizunguko, ikabaki palepale inalia sauti moja, mwendo ukaja baadaye. Hakuna gia ya kushusha, hakuna mngurumo, hakuna kitu mkononi kinachokuambia gari inafanya nini. Ningefumba macho ningesema nimepanda gari ya kampuni yoyote.

Swali langu ni hili. Subaru ilikuwa kampuni ndogo iliyotengeneza magari yake kwa namna yake: pistoni zinalala ubavuni, milango haina fremu ya kioo, boneti ina pua ya kuvutia hewa. Toyota aliingia mwaka 2005 kwa kununua hisa asilimia 8.7, sasa ana 20. Marekani mwaka 2008 waliuza magari kama 187,000, mwaka 2019 wakavuka 700,000. Katika safari hiyohiyo turbo ya Forester ya gia za mkono imekufa, milango ile imekufa, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba WRX STI ya petroli, gari lao la kasi, haitakuwa na mrithi. Je, kampuni ndogo ikipendwa na kila mtu lazima ipoteze kilichoifanya ipendwe? Na mimi niuze, au nifufue hii niliyonayo?

Boksa_wa_Rongai alijibu:

Ndugu yangu, usiuze. Sisi huku Kenya gari la mtumba likishapita miaka 8 haliingii, kwa hiyo kila mwaka yadi za Ngong Road zinazidi kujaa hizo SK na zile za zamani zinabaki zilizoko barabarani tu. SG5 turbo ya gia za mkono ikiwa safi watu wanaigombania.

Kwa upande wangu jibu ni ndiyo, wameipoteza. Mimi nimekulia kwenye Safari Rally. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia na Subaru Vivio, kagari ka injini ya cc 658, akaimaliza Safari na kushinda daraja lake. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari nzima na Impreza, mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda. Tulikuwa tunaisikia ile sauti kabla ya vumbi kuonekana. Mwisho wa 2008 walijitoa kwenye mashindano ya dunia, na kwangu mimi mambo yalianza kupoa hapo.

Fundi_UngaLtd alijibu:

Usa River, mimi ni fundi, gereji yangu iko Unga Limited na kazi yangu kubwa ni hizi Subaru. Nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu nadhani mnamlaumu mtu asiyehusika na mnalilia gari lisilostahili kuliliwa kwanza.

Tuanze na Toyota. Milango ya bila fremu ilitoka kwenye Impreza mwaka 2007, Forester ikafuata mwaka huohuo kuelekea mwisho, Legacy ikamalizia 2009. CVT ya sasa ya Subaru, ile gia boksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia, ilianza na Legacy hiyo ya 2009, na ni kazi yao wenyewe. Injini mpya ya FB ilikuja 2010, nayo wameichora wenyewe. Wakati huo Toyota alikuwa hajafika hata asilimia 17. Hata ule mngurumo mnaoulilia, Subaru walianza kuuondoa wenyewe. Ulitokana na mabomba ya ekzosi kabla ya turbo, moja refu kuliko jingine, kwa hiyo moshi wa silinda za upande huu unafika kwenye turbo kwa kupishana na wa upande wa pili. Mwaka 2003 Legacy ya turbo ya Japani ikawekewa mabomba yenye urefu sawa ili turbo ishike mapema. Sauti ikaondoka, nguvu ikawa bora. SG5 yako ilibaki na mabomba ya zamani, ndiyo maana bado inanguruma.

Kuhusu injini, mkiziweka mezani EJ20 ya zamani na FB20 mpya mnaelewa kila kitu. Zote zina cc 2,000 hivi. EJ20 pistoni yake ina upana wa milimita 92 na inatembea milimita 75. FB20 upana ni 84, mwendo ni 90. Pistoni pana yenye mwendo mfupi inapenda kuzunguka, inakuita ukanyage. Nyembamba yenye mwendo mrefu inavuta vizuri chini na inakula mafuta kidogo, ila ukiipeleka juu haikupi raha. Uamuzi huo umetokana na sheria za moshi na bei ya mafuta, na kampuni nyingi duniani zimepita njia hiyo. Mimi kama fundi naongeza kwamba FB ina cheni badala ya mkanda wa taimingi. Mkishaletewa EJ iliyokatika mkanda njiani, valvu zimepinda, mtaiheshimu ile cheni, hata kama FB za mwanzo zilikuja na malalamiko ya kula oili.

Kwa hiyo mifupa bado ipo. Injini bado inalala, mstari kutoka gia boksi kwenda difu ya nyuma bado umenyooka katikati ya gari. SK ukiipeleka kwenye tope la Kibosho itatoka, na ina sentimita 22 chini ya tumbo.

Sasa niseme kinachoniuma. Forester tangu izaliwe 1997 ilitengenezwa ipendwe na watu wengi. Subaru yenyewe kabisa, ile ambayo hakuna mwingine angeitengeneza, ilikuwa Sambar, kagari ka mizigo. Hapa Arusha zipo chache, na watu wanaziita kirikuu kama nyingine zote. Ninayo moja inayoletwa na mzee anayebeba mboga kutoka Ngaramtoni kwenda soko la Kilombero. Ukitaka injini unakwenda nyuma, unashusha kifuniko cha chini, na unaikuta imelala hapo nyuma ya ekseli: silinda nne kwenye cc 658, wakati wenzao wengi walikuwa wanaweka tatu. Kila gurudumu lina springi yake peke yake, hata ya nyuma kwenye gari la mizigo. Na faida yake unaiona kilimani. Mzigo uko nyuma, injini iko nyuma, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, kwa hiyo likijaa kabichi ndiyo linazidi kushika barabara. Mbele panabaki pepesi, usukani unauzungusha kwa mkono mmoja. Japani walikuwa wanaiita Porsche ya njia za mashambani, na hawakutania.

Walianza kuitengeneza mwaka 1961, wakaacha Februari 2012. Nafasi yake kiwandani Gunma ikachukuliwa na BRZ, ile gari ya michezo waliyoshirikiana na Toyota. Tangu hapo Sambar inayouzwa ni Daihatsu Hijet iliyobandikwa nyota za Kilimia, nembo ya Subaru: injini chini ya viti, silinda tatu, gari zuri tu la Daihatsu. Hapo ndipo mkono wa Toyota unaonekana waziwazi, maana Daihatsu ni wake. Kampuni iliyoanza kwa gari dogo la watu wa kawaida, Subaru 360 ya 1958, haitengenezi tena gari dogo la daraja hilo hata moja kwa mikono yake. Na sikuona wapenzi wa Subaru wakipiga kelele, kwa sababu Sambar haikuwa na pua kwenye boneti.

Mnyamwezi_Göteborg alijibu:

Salaam kutoka Sweden. Fundi, nimesoma kila neno.

Huku kulikuwa na ndugu wa Subaru, kampuni ya magari iliyoitwa Saab. Wote wawili wametokana na viwanda vya ndege. Mimi natumia Saab 9-5, ufunguo unauchomeka katikati ya viti viwili vya mbele, na dashibodi usiku ina kitufe kinachozima taa zote isipokuwa spidi. General Motors walinunua nusu ya Saab mwaka 1990, wakamalizia 2000. Saab wakalazimishwa kujenga juu ya bodi ya Opel, na kuna kipindi Wamarekani waliuziwa Saab 9-2X ambayo ilikuwa Impreza yenye uso wa Saab, kwa kuwa GM wakati huo alikuwa na hisa za kampuni inayotengeneza Subaru pia. Nyingine, 9-7X, ilikuwa Chevrolet kwa ndani. Desemba 2011 Saab wakafilisika.

Ninachotaka kusema ni kwamba Saab hakuharibiwa na kupendwa na wengi. Wengi hawakuja. Mabadiliko ya Subaru yameletwa na wanunuzi, ya Saab yameletwa na kukosa wanunuzi, na ya pili ni mabaya zaidi. Spea za injini bado napata, ila kipande cha plastiki cha ndani kikivunjika naanza kuzunguka kwenye magari yaliyokatwa. Usa River, wewe leo ukitaka bushi ya SG5 unaipata dukani Moshi.

Usa_River alijibu:

Fundi, la Sambar sikulijua kwa undani huo na limenigusa. Nimewahi kuziona zikipanda na ndizi kuelekea Marangu nikadhani ni kirikuu kama kirikuu nyingine.

Ila wa Göteborg sikubaliani na wewe moja kwa moja. Unatupa njia mbili tu, ukue upoe au ubaki ulivyo ufe. Mazda nao ni wadogo, Toyota ana hisa kwao pia, kama asilimia 5. Roadster yao, kagari ka michezo ka viti viwili, wanaitengeneza tangu 1989, wamevuka magari milioni moja, na hadi leo ina gia za mkono na uzito wa tani moja hivi. Haiwaletei fedha kama magari yao ya familia, lakini wameilinda mwaka baada ya mwaka. Subaru wakati anauza magari 700,000 Marekani pekee alikuwa na uwezo wa kuacha Forester moja ya gia za mkono kwenye orodha, hata kwa oda maalumu. Aliyeamua isiwepo ni mtu, siyo sheria ya moshi. Hilo ndilo linalonisikitisha.

Kuuza sasa nimeghairi, angalau mpaka masika yapite. Fundi, hiyo turbo inafufuliwa au natafuta nyingine? Na kama siku moja nitahitaji mpya zaidi, kuna yoyote ya gia za mkono?

Fundi_UngaLtd alijibu:

La Mazda nakubali, hoja nzuri.

Ipo. SJ5 ya Japani, ile ya 2012 mpaka 2018 isiyo na turbo, ilitoka pia na gia 6 za mkono. Ni adimu. Tanzania haizuii umri, ila ushuru wa uchakavu utaulipa, kwa hiyo ukiona ya 2017 au 2018 uliza haraka. XT ya turbo ya miaka hiyo, yenye chesisi SJG, ni CVT tupu, usipoteze muda nayo. SK za Japani usitafute kabisa, gia za mkono hakuna.

Turbo yako isikutishe kabla haijafunguliwa. Moshi wa bluu asubuhi tu, halafu ukapotea, unaweza kuwa sili za valvu na turbo haina kosa. Vua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili uitikise. Ikicheza kidogo pembeni ni kawaida, ikiingia na kutoka kama inavutwa, turbo imekwisha. Nipigie picha ndani ya bomba hilo nione kama kuna oili imetuama. Na kabla hujaanza safari ya kuja Arusha pima oili gari ikiwa imelala usiku kucha, ukiikuta chini ya alama ongeza kwanza, beba lita moja kwenye buti.