Mjadala: Je, sauti haihusiki na joto la korona ya Jua?

Mtoa hoja, Kisauni: Ndugu zangu wa baraza, assalaam alaykum. Ilisemwa pale Mji wa Kale kwamba suala hili limekwisha: uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi, korona, yaani tabaka la nje la gesi lililo juu yake, hupita milioni moja, na sauti haihusiki, kwa kuwa katika miaka ya 1970 setilaiti ya OSO-8 ilipima mawimbi ya sauti yanayopanda ikayakuta hafifu mno. Kipimo sikibishi, kwani korona tulivu hupoteza nishati ya takriban wati 300 kwa kila mita ya mraba, na sharti irudishiwe, na sauti iliyopimwa haikufika hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Ninachokibisha ni hitimisho, maana kilichohesabiwa ni sauti iliyobaki kuwa sauti.

Kadiri tunavyopanda kutoka usoni, shinikizo la gesi hupungua upesi kuliko la sumaku, hadi kwenye tabaka ambamo kasi ya sauti hulingana na kasi ya mawimbi ya sumaku, yale aliyoyabashiri mwanafizikia Hannes Alfvén mwaka 1942. Hapo wimbi hugawanyika, mfano wa wimbi la kusi linapoupiga mwamba wa Nyali: sehemu yake huendelea kuwa sauti ikifuata mistari ya sumaku, na sehemu hugeuka wimbi la sumaku, ambalo aghalabu hupinda likarudi chini, ingawa baadhi ya nishati yake huweza kuponyoka kwenda juu kwa mawimbi ya Alfvén. Mwaka 1987 wanasayansi Braun, Duvall na LaBonte walionyesha kwamba doa la Jua, yaani sehemu nyeusi ya uso wake yenye sumaku kali, humeza hadi nusu ya nishati ya sauti inayolifikia.

Mchangiaji, Changamwe: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kumezwa na doa si kufika koronani. Mwaka 1988 mwanafizikia Eugene Parker alieleza kwamba mistari ya sumaku husokotwa na gesi inayochemka chini yake, kisha ikakatika na kuungana upya kwa milipuko midogo isiyohesabika. Sauti ya nini tena?

Mtoa hoja: Umenena haki, nami sidai kwamba sauti inatosha peke yake. Ila tuyatazame mashimo ya korona, ambako mistari imefunguka kuelekea angani na haina ncha ya pili ya kuisokotea. Upepo wa Jua wenye kasi, yaani mkondo wa chembe zinazotoka Juani, hutoka huko, na nishati unaihitaji. Naomba anayeshikilia milipuko peke yake aanze kutueleza hapo.