Je, mhadhiri wetu wa saikolojia hafundishi, au sisi ndio hatusomi?

Mwaka wa Pili, Kisumu: Wenzangu, tumepewa fomu za kumtathmini mhadhiri wetu wa saikolojia, nami sijajaza yangu. Hatoi notsi. Kila kipindi hukianza kwa kugawa karatasi yenye maswali matano kuhusu kipindi kilichotangulia, na anayechelewa hukuta karatasi zimekwisha kukusanywa. Huku ni kufundisha au ni kututesa?

Mkaazi wa Hosteli: Mimi nampa alama zote. Kwa sababu ya maswali hayo, hadi leo nakumbuka jaribio la Milgram, ambapo watu 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza swichi hadi volti 450, wakiamini wanampiga mwenzao umeme, kwa kuwa tu msimamizi aliyevaa koti aliwaambia waendelee. Wanaolalamika ni wale wa Elimu, ambao wanaiona saikolojia kuwa kizingiti tu kabla ya kupata nambari ya TSC, ile tume ya kuajiri walimu.

Mwalimu Mtarajiwa: Ndugu yangu, hiyo ya TSC umeitoa wapi? Sisi wa Elimu ndio tutakaosimama mbele ya watoto na kuyatumia haya mnayoyakariri. Wewe mwenye saikolojia tupu utaitumia wapi? Au nawe unangoja tuzo ya Nobel kama Pavlov, aliyeipata kwa kumfundisha mbwa kudondokwa na mate akisikia kengele?

Dada wa Nakuru: Mimi nilimaliza, na mhadhiri huyo alinifundisha. Pavlov alituzwa mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, si kwa kengele. Kuhusu fomu, kumbukeni kuwa mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha habari za mwigizaji waliyemtambulisha kwa wasomi kama Daktari Fox: alitoa mhadhara mchangamfu usio na maana yoyote, na wasomi hao wakamsifu. Fomu itaonyesha kama mlimpenda mhadhiri, lakini haitaonyesha kama mlielewa.

Mwalimu Mtarajiwa: Dada, nakuheshimu, ila kuniita mjinga kwa lugha laini bado ni kuniita mjinga. Mbwa walikuwepo, mate yalikuwepo, na Nobel ilikuwepo.

Msafiri wa Kondele: Mnabishana kuhusu mbwa ilhali hakuna aliyegusa suala la kuchelewa. Mimi hutoka nyumbani gizani, matatu ikae Kondele ikisubiri kujaa, kisha nifike mlangoni nimkute mhadhiri akiandika "hakuwepo" kwa kalamu nyekundu mbele ya jina langu, huku tukitazamana. Maswali yenyewe sina neno nayo, tena yananisaidia. Ninachopinga ni kwamba alama zinazopaswa kupima saikolojia zinapima umbali wa nyumba.

Mkaazi wa Hosteli: Anayelala mapema huamka mapema.

Msafiri wa Kondele: Anayelala hatua chache kutoka ukumbi wa mihadhara hana budi kunyamaza kuhusu kuamka. Ukipenda tubadilishane, mimi nichukue kitanda chako nawe upande matatu yangu kwa muhula mmoja tu, kisha tulinganishe alama zetu.

Mwaka wa Pili, Kisumu: Kwa hiyo, kwenye nafasi ya maoni niandike kwamba maswali yabaki lakini yaulizwe mwishoni mwa kipindi?

Mkaazi wa Hosteli: Mwishoni nusu ya darasa huwa imekwisha kutoroka.

Mwalimu Mtarajiwa: Ukimaliza kutuhesabu tunaotoroka, nieleze ile ya TSC uliitoa wapi.