Hivi Mary's Boy Child ya Boney M ilishawahi kushika namba moja kweli?

mzee_wa_redio
Wakuu habari za msimu. Hapa kijiweni kuna ubishi tangu jana. Desemba ikifika tu, daladala Boney M, saluni Boney M, duka la mangi Boney M. Mimi nasema ule wimbo ulitikisa hadi Ulaya na ulishika namba moja Uingereza, jamaa yangu anakataa katakata, anasema ni sisi tu huku tunaung'ang'ania, eti wazungu Krismasi yao ni Last Christmas ya Wham ndo ilishika namba moja 1984. Nani muongo hapa? Mwenye data azimwage.

santuri_kuukuu
Jamaa yako ndo kapigwa. Mary's Boy Child ilitoka mwishoni mwa 1978 na ikakaa namba moja Uingereza wiki nne, wiki ya Krismasi ikiwemo. Uingereza peke yake imeuza zaidi ya kopi milioni 1.8, na hapo mwaka huohuo walikuwa wameshapiga hela na Rivers of Babylon ambayo nayo ilishika namba moja na kuuza zaidi ya milioni, yani kundi moja mwaka mmoja, na enzi hizo kununua wimbo maana yake unavaa koti unatoka na baridi lako kwenda dukani kufata santuri.

Ila haukuwa wimbo mpya. Ni wa Jester Hairston, na Harry Belafonte alishaupeleka namba moja Krismasi ya 1957. Prodyuza wao kule Ujerumani, Frank Farian, akaufanya uchezeke, halafu akaugandisha na kipande kipya cha Oh My Lord.

dada_K
Na hiyo ya Wham kachanganya madesa 😂 1984 waliishia namba mbili. Juu yao walikaa Band Aid, ule wimbo wa kuchangia njaa ya Ethiopia, na George Michael mwenyewe, mwimbaji wa Wham, yumo humo anaimba, kwahiyo alijizibia njia mwenyewe. Hela za Last Christmas nazo wakazipeleka hukohuko Ethiopia. Namba moja waliipata Januari 2021, miaka 36 baadae, ya Krismasi yenyewe wakaipata 2023 na wakairudia 2024. George hakuiona, alifariki 2016, tena siku ya Krismasi.

Kilichowabeba ni strimu, yani watu kusikiliza mtandaoni. Zamani wimbo ukishanunuliwa umeisha, saivi mtu akiusikiliza kila Desemba unahesabiwa upya.

mzee_wa_redio
Duh, jamaa kanyamaza kwanza. Sasa anauliza yule mwanaume wa Boney M mwenye sauti nzito, anayerukaruka kama kakanyaga moto, yuko wapi siku hizi?

santuri_kuukuu
Bobby Farrell alishafariki, Desemba 2010, alikuwa Urusi kwenye shoo. Ila ile sauti siyo yake bana! Ni ya Farian mwenyewe, alikuwa anaimba studio halafu Bobby anafatisha mdomo kwenye tivii. Wale wadada nao walioingia studio ni Liz Mitchell na Marcia Barrett, Maizie, yule dada mwingine wa kundi, kazi yake ilikuwa jukwaani.

dada_K
Weeee! Na mimi nilivyokuwa namuiga kwenye shoo za shule