Kibodi ya mpakato: 1, q, a na z zimekufa siku moja, nifanyeje?

MamaChapa

Habari zenu wakuu. Naandika kwa simu, sababu mtaiona wenyewe. Nina steshenari ndogo hapa Korogwe, mkabala na shule ya msingi. Natoa fotokopi, nachapa barua, na msimu kama huu walimu wananiletea mitihani. Tangu Ijumaa kibodi ya mpakato wangu imegoma: 1, q, a na z hazitoi kitu kabisa, na zote zimekufa siku moja. Nyingine nzima, isipokuwa b. Hiyo ukiibonyeza inazama, inachelewa kupanda, inatoka bbb.

q nimeisamehe, Kiswahili hakina shida nayo. Lakini a! Sikujua lugha yetu imeishika hivi mpaka iliponikimbia. Mwalimu kaleta mtihani wa Maarifa ya Jamii. Swali la kwanza nimechapa "Eleza sababu za mmomonyoko wa udongo", kwenye skrini likasomeka "Ele sbbbbbbu mmomonyoko w udongo". Kilichopona ni mmomonyoko na udongo.

Nimejishikiza kwa ujanja: nimenakili a moja kutoka kwenye barua ya zamani, kila nikiihitaji nabonyeza Ctrl na V. Ukurasa mmoja umenikalisha kuanzia adhuhuri mpaka adhana ya alasiri. Mtihani unatakiwa Jumatano asubuhi. Ni Windows 10, mashine ni ya mtumba, ninayo mwaka wa pili. Na kabla hamjauliza: sijamwaga kitu.

Chipsi Mayai

Zima uwashe. Ikikataa, nenda kwenye orodha ya vifaa, futa draiva ya kibodi (programu inayoiunganisha na Windows), washa upya. Itajirudisha yenyewe.

MamaChapa

Nimezima na kuwasha mpaka naogopa kitufe cha kuwashia nacho kitafuata wenzake. Draiva nilifuta jana usiku. Ikarudi, na ugonjwa wake ikarudi nao.

Fundi Solda

Dada, draiva haina tabia ya kuchagua herufi nne ikaziacha nyingine. Hebu tazama kibodi yako: 1, q, a, z zimepangana kutoka juu kwenda chini. Ndani ya kibodi kila kitufe hakina waya wake peke yake, zingekuwa nyaya nyingi mno. Kuna mistari ya wima na ya ulalo imechorwa kwenye karatasi za plastiki, mfano wa daftari la hesabu, na kitufe kinakaa pale mistari miwili inapopishana. Ukikibonyeza, inagusana. Kwenye kibodi nyingi hizo nne zako zinatumia mstari mmoja. Mstari ukikatika, au ncha yake ikipata uchafu pale utepe wa kibodi unapochomekwa kwenye bodi ya mashine, zinalala zote pamoja. Ndiyo maana hukuanza kupoteza moja, ukaja kupoteza nyingine wiki ijayo.

Usinunue kitu bado. Bonyeza Ctrl, alama ya Windows na O kwa pamoja, itatokea kibodi ya kuchorwa kwenye skrini. Bonyeza a kwa kidole, angalia kama ile ya kwenye skrini inabadilika rangi. Halafu ibofye ile ya skrini kwa kipanya. Kipanya kikiandika na kidole kisiandike, Windows haina kosa. Ukipata kibodi ya USB ya kuazima, chomeka, utakuwa na uhakika zaidi na utamaliza kazi ya watu.

Nisamehe, narudi kwenye lile la kumwaga. Kitufe kinachonata bila kumwagiwa kitu mimi sijakutana nacho. Nani mwingine anaigusa hiyo mashine?

Mkazi wa Bamburi

Dada yangu, wakati unatafuta fundi, weka PowerToys, ni programu ya bure ya Microsoft. Ina sehemu ya kuhamisha vitufe. Mimi a yangu ilipokufa niliihamishia Caps Lock. Ziko jirani, kidole kilizoea siku hiyo hiyo. z ipeleke kwenye x, maana Kiswahili hakina x. Pia jaribu kuiweka mashine ndani ya mchele usiku mmoja.

Fundi Solda

Hilo la Caps Lock ni zuri sana, litamvusha mpaka Jumatano. Mchele pika pilau. Mchele hautoi sukari kwenye utepe, na unga wake unaenda kukaa kwenye feni.

MamaChapa

Wakuu, nimeumbuka.

Kwanza, bwana wa Bamburi, Mungu akubariki. Nimechapa kurasa zote nne kwa Caps Lock, mwalimu kachukua mtihani wake jana jioni. Kibodi ya skrini ilifanya kama alivyosema Fundi: kipanya kinaandika, kidole hakiandiki.

Leo nikaenda kwa mzee anayetengeneza redio pale sokoni, maana ana bisibisi ndogo na mkono wake hautetemeki. Nimekaa naye kwenye benchi, sikutaka kuiacha. Alipofungua kava, utepe wa kibodi una doa la kahawia kwenye ncha. Akaunusa. Akanipa na mimi ninuse. Tangawizi.

Nikampigia mwanangu wa pili, anayenishikia duka nikienda kuswali. Akakaa kimya kidogo, kisha: "Mama, ilikuwa nusu kikombe tu." Alhamisi jioni, chai ya rangi. Alifuta kwa kanga yangu, akafunga kifuniko, akaenda mpirani. Kwenye kanga nililiona lile doa, nikasema ni mafuta ya samaki.

Mzee anasema anaweza kusafisha au ninunue kibodi mpya. Nifanye lipi?

Fundi Solda

Asafishe kwanza. Ahakikishe betri imechomolewa. Hapo kwenye utepe kuna kifungio kidogo cha plastiki, kinainuliwa kwa kucha, utepe hauvutwi kwa nguvu. Apitishe isopropili, ile wanayosafishia mafundi wa simu, na kitambaa laini, asubiri ikauke kabisa. Doa likiwa kwenye ncha tu, utapona bure. Mstari ukiwa umeliwa ndani ya zile karatasi, hapo ni spea.

Ukifika kwenye spea, nenda na kibodi yako ya zamani mkononi. Nyuma ina namba, zilingane. Angalia na Enter: ya Kimarekani imelala, ya Kiingereza imesimama ngazi mbili. Ukichanganya haitakaa, na hata ikikaa utatafuta @ mahali pasipo. Na muulize mzee imefungwa kwa skrubu au imegandishwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa kwenye kava. Za aina ya pili watu wengi hununua na kava lake zima, bei inapanda.

Chipsi Mayai

Kwa hiyo ilimwagiwa kitu 😂

MamaChapa

Cheka tu.

Mzee kapitisha isopropili mara mbili, tukanywa kahawa wakati inakauka (mbali na meza). Alipowasha, 1, q, a na z zikaamka zote pamoja kama zilivyolala. Nimeandika "baba kapanda panda la panga" mstari mzima ili nizione tu.

b bado inanata, chai imeingia chini yake na mzee kaogopa kuing'oa, anasema vile vimiguu vya plastiki vikivunjika havirudi. Nimemlipa, nimerudi dukani. Kijana nimempa kazi: kila nikimaliza ukurasa yeye anausoma, akikuta bbb anafuta mbili. Leo ameshafuta nyingi.