Mwaka mzima Princeton, miezi mitatu Geneva, au fedha zije nyumbani?

Mtoa mada: Mezani leo ni nafasi za mtafiti mgeni kwa wahadhiri wa maadili, wawe wa falsafa, sheria au tiba. Inayotajwa zaidi ni ya kituo cha maadili cha Chuo Kikuu cha Princeton, New Jersey, kilichoanza 1990: miezi 10 kuanzia Septemba, unapewa ofisi na maktaba, unahudhuria semina, na sharti uishi huko huko. Nyingine ni ya wakfu wa Brocher, Hermance, kando ya Ziwa Geneva: mwezi mmoja hadi minne, mada ni maadili ya tiba. Nasema hivi: kwa mhadhiri wa Eldoret au Dar es Salaam, mwaka mzima ni hasara kwa idara yake. Apewe miezi mitatu mitatu kila mwaka, na fedha inayobaki imlipe wa kumshikia darasa. Anayepinga apinge.

Kalamu Kavu: Napinga. Miezi mitatu ni wiki 13. Tatu za mwanzo zinaliwa na kitambulisho, benki na kutafuta nyumba. Mbili za mwisho ni mizigo na kuaga. Zinabaki nane, nazo zinatosha makala moja, si kitabu. Halafu tukumbuke mtu huyu nyumbani ni nani. Mara nyingi ndiye huyo huyo anayekaa kwenye kamati ya kupitisha tafiti, anasoma itifaki za wenzake, yaani mipango yao ya utafiti, hadi usiku, na posho ya kikao haimnunulii asubuhi hata moja ya kuandika lake.

Karani wa Viza: Mtoa mada, hiyo "mitatu mitatu kila mwaka" kwa upande wa Marekani itakwama kwenye karatasi. Mgeni wa aina hii kwa kawaida huingia kwa viza ya J-1, ya wageni wa mabadilishano ya kitaaluma. Fomu yake ya DS-2019 ikikuandika kundi la mtafiti, ukimaliza programu, hata kama ulikaa miezi mitatu tu, huruhusiwi kurudi kwa kundi hilo mpaka ipite miezi 24. Kundi la mtafiti wa muda mfupi halina kizuizi hicho, ila ukomo wake ni miezi 6 wala hauongezwi. Kwa hiyo kabla chuo mwenyeji hakijatoa fomu, muulize afisa wao wa wageni: mnaniandika kundi gani? Fomu ikishatumika, umechelewa.

Na fedha. Nafasi kadhaa za huko hulipa takribani nusu ya mshahara wa mwaka wa masomo, kwa kikomo, kwa kuamini chuo chako kitalipa nusu nyingine kupitia likizo ya sabatiko, yaani ya utafiti yenye mshahara. Nusu ya mshahara wa Princeton ni jambo moja. Nusu ya mshahara wa Morogoro haitoshi kodi ya nyumba New Jersey. Uliza kwa maandishi: nusu ya mshahara upi? Uliza pia kama malipo ni mshahara au ni ruzuku. Ruzuku isiyodai kazi kwa mwenye J-1 hukatwa kodi asilimia 14 papo hapo, na Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Bima ni lazima: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kukuhamisha ukiwa mgonjwa, na 25,000 za kurudisha mwili nyumbani ukifariki. Mwenzi na watoto nao lazima wawe nayo, na hapo ndipo bajeti za wengi hupasuka.

Mkaa Pwani: Mnabishana miezi, mimi nauliza mada iko wapi. Chukueni fomu ya ridhaa, ile ya kukubali kushiriki utafiti, ya Kilifi, pwani ya Kenya, ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, wakfu wa Uingereza, wana kituo tangu 1989. Damu iliyotolewa leo kwa ajili ya malaria, je, inaweza kutolewa kwenye friza miaka 10 ijayo kwa swali jingine kabisa? Vitabuni hiyo ni "ridhaa pana", kukubali mara moja kwa tafiti zijazo pia, na mambo yamekwisha. Kwa mama aliyekaa benchi la kliniki na mtoto mwenye homa, utafiti na matibabu vimeingilia mlango mmoja: nesi yule yule, sindano ile ile. Msomee "sampuli itahifadhiwa kwa tafiti za baadaye", anaweza kabisa kusikia kwamba mwanawe ataendelea kutibiwa. Hilo huligundui maktabani Princeton.

Na anayetaka kubeba rekodi za mahojiano kwenda kuziandikia huko, sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zina masharti ya kuvusha taarifa za watu nje ya nchi. Liombwe ndani ya itifaki, si baada ya kukata tiketi.

Kalamu Kavu: Bibi, hapo umeniandikia ombi langu! Maombi mengi hufia kwenye sentensi ya kwanza: "Nitachunguza changamoto za kimaadili katika utafiti wa tiba barani Afrika." Hilo ni jina la kozi. Swali lako la friza ni mradi: lina mtu, kitu, na jibu linaloweza kuwa kosa. Mwenye swali hilo na mahojiano yaliyokwisha kukusanywa, mwaka wa kukaa na kufikiri si anasa kwake.

Mzee wa Seneti: Mnaisahau njia ya tatu: fedha zije nyumbani. Taasisi ya Fogarty ya Marekani ilianza mwaka 2000 kugharamia mafunzo ya maadili ya utafiti, na kwa fedha za namna hiyo Chuo Kikuu cha Moi cha Kenya na Indiana cha Marekani, na MUHAS, chuo kikuu cha tiba cha Dar es Salaam, na Dartmouth cha Marekani, walijenga shahada za uzamili hapa hapa. Mgeni akija yeye kufundisha huku, badala ya sisi kumfuata, darasa zima linafaidi. Ubovu wake ni kwamba ruzuku ina tarehe ya mwisho, na nafasi ya mwalimu isipoingizwa kwenye ikama, orodha ya nafasi za kazi ambazo chuo hulipia, kabla ya tarehe hiyo, kozi inabaki na mhadhiri mmoja.

Mtoa mada: Mitatu mitatu naiondoa, Karani kanishika. Lakini huyo mhadhiri mmoja wa Mzee ndiye Kalamu Kavu anataka aondoke miezi 10. Nani anasaini barua ya kumshikia darasa?